Moshi wa kamioneti ya zamani: maswali ambayo wenye magari wa Goma hurudia kuuliza

Mimi ni fundi wa magari hapa Goma, na maswali haya ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki. Nayajibu kwa maneno ya garaji zetu. Msomaji wa Dar au Mombasa ajue tu kwamba kamioneti ni pikapu, mazutu ni dizeli, esansi ni petroli, buji ni plagi, na ralanti ni injini inapounguruma bila kukanyagwa. Mifano mingi ni ya Hilux zenye injini za mazutu 2L, 3L na 5L, au ya esansi 22R, kwa kuwa hizo ndizo zinazoingia garajini zaidi. Mantiki ni ileile kwa kamioneti yoyote ya zamani.

## Mambo ya kwanza

1. Rangi ya moshi inaniambia nini?

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe ni mazutu yaliyopita bila kuungua, au maji yanayoingia ndani ya injini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Wakati ndio unaosema mengi zaidi: moshi unatoka asubuhi tu? Ukiwa na mzigo? Baada ya kuteremka mlima? Mteja anayeniambia "unatoka wa bluu sekunde kumi baada ya kuwasha, kisha unaisha" amenifanyia nusu ya kazi. Kabla ya kuja garajini, mwombe mtu asimame nyuma ya gari aangalie, kwa sababu dereva kwenye kioo huona moshi wote ni mweusi.

2. Moshi gani ni wa kawaida?

Mvuke mwepesi asubuhi, unaopotea hewani hatua mbili tatu kutoka kwenye mdomo wa bomba, ni maji yaliyojikusanya ndani ya bomba usiku. Injini ya mazutu ya zamani isiyo na turbo hutoa pia utusitusi kidogo unapokanyaga ghafla. Kama wingu linabaki barabarani na wasukuma chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo) walio nyuma yako wanageuza uso, hiyo si kawaida tena.

3. Nianze kuangalia nini mwenyewe, kabla ya kulipa mtu?

Anza na hewa, halafu mafuta, halafu ndio uifikirie injini yenyewe. Mafundi wengi huenda kinyume kwa kuwa pampu ya mazutu na injekta zinazoyarusha ndani ya injini ndizo zenye hela.

Fungua boksi la filta ya hewa. Fuata mpira wa hewa kwa mkono kutoka boksi hadi injini, uuminye na kuupinda. Pima oili, na uangalie radieta injini ikiwa baridi. Kisha lala chini, ufuate bomba la moshi kutoka mbele hadi nyuma ukitafuta masizi meusi kwenye viungo, sehemu zilizobonyea na kutu. Mwisho, injini ikiwa ralanti, shika kitambaa kinene karibu na mdomo wa bomba bila kuuziba. Mapigo yanapaswa kuwa sawasawa. Kitambaa kikinyonywa ndani mara kwa mara, huenda kuna valvu isiyofunga vizuri. Kazi yote haizidi nusu saa.

## Moshi mweusi

4. Kamioneti yangu ya mazutu inatoa moshi mweusi ikipanda. Ni pampu?

Mara nyingi si pampu. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe miaka ya mwanzo. Mzee mmoja aliniletea 3L iliyokuwa ikifuka kila akipanda mlima wa Mushaki na viazi. Niling'oa pampu, tukalipa kuirekebisha, nikairudisha, na moshi ukabaki vilevile. Siku ya tatu nilimwomba kijana akanyage mafuta huku nimeinama juu ya injini. Nikauona mpira wa hewa, ule wenye mikunjo, ukijibana kama koo la mtu anayekosa pumzi. Tabaka lake la ndani lilikuwa limeachana, likawa linaziba njia kila injini inapovuta kwa nguvu. Ukiuangalia gari likiwa limezimwa, mpira ulionekana mzima kabisa. Mzee yule alipoteza hela za wiki nyingi kwa kitu ambacho kilihitaji macho tu.

Kwa hiyo kagua kwanza filta. Vumbi letu si vumbi la udongo tu. Ni jiwe la lava lililosagwa na magurudumu, chembe zake ni kali kama kioo, na tangu lava ya 2002 ipite katikati ya mji tunaishi na kuendesha juu yake. Weka tochi ndani ya filta, utazame kwa nje: usipoona mwanga, ibadilishe. Usiipulize kwa kompresa ukiwa umeisogelea, maana karatasi hutoboka matundu usiyoyaona, na vumbi likipita hapo hukwangua silinda. Miezi michache baadaye utakuwa unasoma swali la 10.

Hewa ikiwa safi, ndipo uende kwa injekta (swali la 6), kisha taimingi ya pampu. Na kabla ya injekta na pampu, pandisha gurudumu moja moja kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Breki inayoshika huilazimisha injini kufanya kazi kama imebeba tani moja ya ziada, na moshi wake hauna tofauti na wa pampu mbovu.

5. Ni kweli mwinuko wa Goma unaongeza moshi?

Kweli. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji uko juu kidogo ya hapo. Katika kimo hiki hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Gari lililoshuka melini na kuendeshwa hadi hapa bado linapima mafuta ya pwani. Kwenye injini isiyo na turbo, mafuta yale yale yanakutana na hewa ndogo zaidi: moshi unaongezeka, nguvu inapungua. Ukipanda kuelekea Masisi hali inazidi.

Injini yenye turbo haiumii sana: turbo huisukumia hewa inayokosekana. Ile isiyo na turbo inahitaji fundi mwenye mkono mwepesi apunguze mazutu kidogo sana, kisha ajaribu barabarani na mzigo. Kabureta ya 22R nayo ikitoka pwani huwa nzito huku, hupunguzwa vilevile. Mwenye gari akubali pia kwamba sehemu ya nguvu iliyopotea hairudi kwa marekebisho yoyote.

Hilo linajibu na swali linalofuatana nalo daima, la fundi anayetaka "kufungua pampu" ili gari lipate nguvu. Usikubali. Hewa haijaongezeka, kwa hiyo mazutu ya ziada yatatoka kama masizi na joto. Joto hilo ndilo linalopasua kichwa cha injini.

6. Nitajuaje ni injekta ipi mbovu?

Injini ikiwa na moto na iko ralanti, legeza nati ya bomba la injekta moja tu, robo mzunguko, sikiliza, kisha kaza. Endelea na inayofuata. Ukilegeza ya silinda nzima, injini hutetemeka na kushuka. Ukilegeza ya silinda mbovu, mlio haubadiliki sana, au ule mgongano wa chuma na moshi hupungua ghafla. Hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye mashine ya kupimia.

Vaa miwani, funika nati kwa kitambaa, na usiweke kidole mbele ya mazutu yanayorushwa kamwe. Yana shinikizo la kupenya ngozi, na kidonda chake kidogo kwa nje huoza kwa ndani. Akipatwa mtu, aende hospitali saa hiyohiyo hata kama haumwi.

7. Yangu ni ya esansi, inatoa moshi mweusi na inanuka esansi. Nifanye nini?

Toa buji zote nne uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Zikiwa zote na masizi makavu meusi, shida ni ya wote: filta, choki iliyokwama imefungwa, floti ya kabureta iliyo juu mno, au mwinuko. Moja tu ikiwa nyeusi au imelowa, shida ni ya silinda hiyo: waya, buji yenyewe, au shinikizo. Rangi ya kahawa yenye maziwa ndiyo unayoitafuta.

Kwenye 22R pima pia nafasi za valvu injini ikiwa na moto: milimita 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi, na kabureta inalaumiwa bure.

## Moshi mweupe na wa bluu

8. Asubuhi inatoa moshi mweupe unaochoma macho, baada ya dakika chache unaisha. Kwa nini?

Moshi unaochoma macho ni mazutu ambayo hayajaungua. Injini za 2L, 3L na 5L huwasha mazutu katika chumba kidogo kilicho kwenye kichwa, na chumba hicho kinahitaji buji za kupasha joto hata kwa baridi yetu ya kawaida. Buji moja ikifa, silinda hiyo huamka mwisho.

Kuzipima ni rahisi. Ondoa bamba la chuma linaloziunganisha, chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha buji. Balbu ikiwaka, buji ina njia ya umeme. Isipowaka, imekufa. Zote zikiwa nzima, angalia kama umeme unazifikia unapogeuza ufunguo, kwa sababu rilei nayo huchoka.

Buji na umeme vikiwa sawa na moshi uko palepale, pima shinikizo la silinda.

9. Moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, na radieta inapungua maji.

Simamisha gari. Hiyo ni gasketi ya kichwa, ile tunayoiita joani ya kilase, au kichwa chenyewe kimepasuka. Moshi wa maji hauchomi macho, huning'inia hewani, na kama mlitumia dawa ya radieta hunukia utamu. Injini ikiwa baridi, fungua radieta, washa, tazama: mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona kitu kama maziwa yaliyoganda, usiwashe tena.

Hapa nina ombi kwa madereva. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka. Ukiyamimina kwenye radieta kila wiki, huacha magaga meupe ndani ya njia za maji, sawa na yale unayoyaona kwenye birika la chai. Magaga huzuia joto kutoka, injini inachemka, gasketi inakwenda. Tega maji ya mvua, yachuje, uyachanganye na dawa ya radieta. Naona injini nyingi mno zikifa kwa jambo hili, na kila moja ilikuwa inalisha familia.

10. Moshi wa bluu: ringi za pistoni au mipira ya valvu?

Mshindo wa bluu unapowasha asubuhi, au unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima mrefu kwa gia, ni mipira ya valvu: oili imechuruzika juu ya pistoni. Moshi wa bluu unaoendelea unapovuta mzigo, pamoja na upepo unaotoka kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili, ni ringi na silinda zilizolika.

Ili kuthibitisha, pima shinikizo likiwa kavu, kisha weka kijiko cha oili ndani ya silinda na upime tena. Likipanda sana, ni ringi. Likibaki palepale, tazama valvu. Kwenye mazutu weka matone machache tu, kwa kuwa nafasi juu ya pistoni ni ndogo na oili nyingi itadanganya kipimo.

Yenye turbo: vua mpira unaotoka kwenye turbo, uingize kidole. Utando mwembamba wa oili si neno. Oili inayodondoka ni turbo.

## Bomba lenyewe

11. Ikiwa baridi inalia tik-tik-tik kama cherehani, ikipata moto inanyamaza.

Ni gasketi ya kolekteri ya moshi (manifoldi), au kolekteri yenyewe ina ufa. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba. Tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo. Kama huioni, chukua mpira wa maji wa mita moja, mwisho mmoja sikioni, mwingine uupitishe polepole kando ya viungo, mbali na feni. Sauti itakupigia kelele ukifika. Usiiache hivyo, na sababu iko katika swali la 15.

12. Gari halina nguvu na halivuki mizunguko fulani. Bomba limeziba?

Linawezekana. Mawe ya barabara zetu hubonyeza bomba, na silansie (silensa) ya zamani huvunjika vyumba vya ndani, bati likageuka na kufunga njia. Igonge kwa kiganja ikiwa baridi. Ikilia kama bati ndani ya kopo, imevunjika.

Kwa injini ya esansi kuna kipimo kizuri: geji ya vakyumu kwenye kolekteri ya hewa. Kwenye ralanti soma namba, kisha panda hadi mizunguko 2,500 na ushikilie hapo. Sindano ikizidi kushuka taratibu, moshi haupati pa kutokea. Lakini angalia jambo moja ambalo limewaponza mafundi wa huku. Vitabu vinasema injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye ralanti. Hizo ni namba za pwani. Kila mita 300 unazopanda, kipimo hushuka karibu inchi moja, kwa hiyo hapa Goma 12 hadi 16 ni injini nzima. Nimeshamwona fundi akitaka kufungua injini iliyosoma 15 bila kuyumba.

Mazutu haina vakyumu ya namna hiyo. Kwa mazutu, legeza kiungo cha bomba la mbele, jaribu kwa muda mfupi. Nguvu ikirudi na kelele yote, umepata jibu.

13. Nimeshauriwa kutoa katalizeri. Nitoe?

Katalizeri ni kile kikopo cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba. Kamioneti nyingi za mazutu za zamani hazikuwa nayo, kwa hiyo angalia kwanza kama ipo. Kwenye za esansi, nyingi zilikufa zamani. Esansi yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa 2006, huua katalizeri kabisa, na gari la kabla ya hapo huenda lilikunywa nyingi.

Ikiwa haijaziba, iache. Ikiwa imeziba, tafuta kwanza iliyoiziba: silinda isiyowaka hupeleka esansi mbichi ndani yake, ikawaka humo, na sega lake likayeyuka. Ukiweka bomba tupu bila kutibu hilo, umemwachia moshi wote mtu aliye nyuma yako. Na anayejitolea kukutolea bure, ujue ndani yake kuna madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Haondoki mikono mitupu.

14. Sensa ya oksijeni na EGR je?

Sensa hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, nayo ipo kwenye esansi za injekta kama 22RE. Ikipata moto, volti zake huyumba kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ikiganda chini, usikimbilie kuinunua. Tundu kwenye bomba kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, sensa ikadhani esansi ni chache, kompyuta ikaongeza. Litafute tundu kama katika swali la 11, ulizibe kwanza.

EGR hurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili kupunguza joto la uunguaji. Ikikwama wazi, ralanti hutetemeka na mazutu hutoa moshi mweusi. Itoe, isafishe masizi, irudishe.

## Usalama na mafuta

15. Ndani ya kabini kunanuka moshi. Ni hatari?

Ni hatari kuliko yote yaliyo katika ukurasa huu. Moshi wa injini, hasa ya esansi, una monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vinavyosafiri nayo, kwa hiyo kukosa harufu hakukuhakikishii chochote.

Sisi wa Goma tunalielewa hili kuliko wengine, kwa sababu tunaijua mazuku. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini na kulala mabondeni, inaua mbuzi na watu kimya kimya. Gesi ya gari haifanani nayo kwa jambo moja: hailali chini. Uzito wake unakaribia wa hewa, hivyo hujaza kabini yote, na kupanda juu ya kiti hakusaidii.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida: simamisha, toa watu wote nje, mpelekeni aliyezidiwa hospitali. Kisha tafuta njia ya moshi: gasketi ya kolekteri, matundu ya sakafu, mpira wa gia, mlango wa nyuma. Bomba lazima limalizikie nje kabisa ya bodi. Nawasihi akina papa (akina baba) wanaobeba abiria nyuma chini ya turubai: gari likienda, hewa ya nyuma hujikunja na kurudisha moshi ndani ya turubai, na watoto waliolala ndio wa kwanza kupatwa. Funua mbele na nyuma ili upepo upite.

16. Moshi umeanza baada ya kuweka mafuta ya barabarani. Inawezekana?

Ndiyo. Wauzaji wa bidoni (madumu), wale tunaowaita Kadhafi, wengi ni watu wema wanaotafuta riziki, na wakati mwingine ndio pekee walio na mafuta. Lakini hujui bidoni ilibeba nini jana. Weka kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie usiku kucha. Maji na uchafu vitakaa chini. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani hivyo, hujichanganya kabisa. Kwenye esansi utayajua kwa injini kugonga na buji kujaa masizi. Mwaga maji ya filta ya mazutu kila baada ya ununuzi wa namna hiyo.

## Ambayo hayafuati kanuni

17. Inanuka yai bovu. Ni bomba?

Kwenye esansi yenye katalizeri, ni salfa pamoja na esansi kuzidi: rudi swali la 7. Lakini pima betri pia. Oltaneta inayochaji kupita volti 15 huchemsha betri, nayo hunuka vivyo hivyo.

18. Nimebadilisha filta, injekta, buji, pampu imepimwa, na bado inafuka.

Uliza mkanda wa taimingi ulifungwa lini na nani. Kwenye injini za L mkanda hubadilishwa kila kilometa 100,000, na ukiruka jino moja gari litawaka, litatembea, litafuka, na halitakuwa na nguvu. Vua kifuniko uzilinganishe alama zote, ukiizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama zikiwa sawa, pima nafasi za valvu, kisha shinikizo la kila silinda. Silinda zikipishana sana, acha kununua vifaa vya nje. Hela iliyobaki iwekee ufunguaji wa injini.